Mwasisi wa Saba

Ulimi Laini hakuwahi kufanya kazi ya kumtoa jasho. Wiki hiyo, hata hivyo, alikuwa na shida ya kweli: mkewe alikuwa amerudi kwao, na ameapa harudi mpaka anunuliwe friji. Ulimi Laini alimpenda mkewe kwa dhati, jambo ambalo kwa tapeli ni ugonjwa.

Ndipo alipoona tangazo mlangoni pa Nyumba ya Udugu, jengo kuukuu la chama cha kusaidiana: JENGO LETU LATIMIZA MIAKA MIA. WAJUKUU WA WAASISI WAJITOKEZE. Akalisoma mara mbili. Kesho yake alikuwa dukani kwa muuza friji, tajiri mpya mwenye kila kitu isipokuwa babu wa kujivunia.

"Bosi, babu yako alikuwa mwasisi wa jengo lile."

"Babu yangu alichunga mbuzi."

"Hao hao mbuzi! Unadhani mafundi walikula nini?"

Muuza friji akakumbuka wazee wa mjini wanavyompita bila salamu, na moyo ukamuuma.

"Unataka nini?"

"Friji moja tu. Ya milango miwili."

"Nikikubaliwa, utaichukua pale pale mlangoni pa chama."

Katibu wa chama, mzee mpole, alimwonyesha Ulimi Laini picha ya waasisi sita ukutani. Tapeli akagusa kivuli kilicholala chini ya miguu yao.

"Huyu ndiye wa saba, mzee wangu. Babu wa muuza friji."

Katibu akavaa miwani, akakitazama kivuli kwa heshima zote. "Mjukuu hukubaliwa kwa shahidi, na shahidi sharti awe mwanachama. Ndiyo desturi yetu."

"Basi niapisheni. Kuapa kwangu si kazi."

Jumamosi asubuhi friji ikaletwa na pikapu. Ulimi Laini akaapa mbele ya wazee tisa, mmoja wao hakimu mstaafu, bila kusikiliza anachoapia, kama kawaida yake. Muuza friji naye akakubaliwa, akalia kama mtoto.

"Haya bosi, mzigo wangu," Ulimi Laini akasema mlangoni.

"Si umeapa sasa hivi? Ndugu hamtozi ndugu."

"Na mwanachama mpya haji mikono mitupu," katibu akaongeza. Wabebaji wakaiingiza friji jikoni kwa chama.

Ulimi Laini akamvuta katibu kando. "Mzee, yule hana babu hapa! Nilidanganya!"

"Najua, mwanangu. Picha ile aliipiga baba yangu. Kivuli ni chake. Lakini tumebaki tisa, nyumba inataka wajukuu. Ukileta wengine tutawapokea. Bure, lakini." Akamwashiria hakimu. "Au unataka kumweleza ndugu yetu biashara yako ya babu?"

Hakutaka. Simu ikaita. Mkewe.

"Friji umepata?"

"Nimepata, mama watoto. Iko kwa ndugu zangu."

"Wewe una ndugu tangu lini?"

"Tangu saa nne asubuhi."

Ilikuwa kweli tupu, ya kwanza kumwambia mwaka ule. Mkewe akamsonya, akakata simu.