Gari la Harusi Lisilofunguka kwa Ndani

Jamani, leo nimeaibika. Mbele ya mama mkwe!

Harusi yangu na Nyambura ni Jumamosi. Mama yake alitua juzi huku ughaibuni kutoka Nyeri, na hajaniita "mwanangu" hata mara moja. Ananiita "kijana". Nikasema, ngoja nimshangaze. Mtandaoni nilikuwa nimeona gari la zamani la Kiingereza, la kukodi kwa shughuli za familia. Jeusi, refu, vioo pande zote, na reli ya kuwekea maua juu ya paa. Maua! Lingekuwa la nini kama si harusi? (Kwetu maiti husafiri kwa basi, na waombolezaji tumekaa humohumo. Nioneeni huruma.)

Nikampeleka mama hadi mji wa Crystal, liliko gari. Mwenye gari, mzee wa Kizungu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana," akasema kwa sauti ya chini.

Nikacheka. Nilidhani ananitania kwa sababu naoa.

Gereji ilikuwa na baridi kuliko nje. Ilinuka maua, na hakukuwa na ua hata moja. Mama akaacha kuongea. (Mama huyu haachi kuongea.)

"Kijana," akanong'ona, "mbona nywele zinanisimama?"

"Ni baridi tu, mama. Panda hapo nyuma ulionje."

Akapanda. Kiti hakuna. Kulikuwa na ubao unaong'aa wenye roli ndogondogo za mpira. Alipokaa tu, roli zikaanza kuzunguka, taratibu, zikamvuta mpaka ndani kabisa. Mlango ukajifunga. Tuf.

Mimi sikuona. Nilikuwa nimeinama kwenye mlango wa mbele, ujuaji umenipanda kichwani. "Mama, magari haya chasi ni ya kiwanda kimoja, bodi inajengwa na mafundi wengine kwa mkono! Ukitaka kuwajua, tafuta kibati chao." Nikakipata kwenye kizingiti, cha shaba. Nikakipangusa kwa leso, nikasoma kama natoa matangazo kanisani:

"Wajenzi... wa bodi... za magari... ya maiti."

Wueh! Nikainua kichwa polepole. Nyuma ya kioo mama mkwe amelala chali, miguu juu, anapapasa mlango. Midomo inachezacheza, sauti haitoki. Nikasogea mpaka nikaisoma.

"Mwanangu! Mwanangu, nifungulie!"

(Ndiyo. Mwanangu. Nimelipata neno langu, na nimelipata hapo.)

"Ndani hakuna mshikio," mzee akasema kwa upole akimfungulia. "Hajawahi kutokea mtu wa kuuhitaji."

Njia nzima mama alishikilia mshikio wa mlango wa gari langu. Nikaendesha nikiomba Mungu kimoyomoyo. Tulipofika mlangoni ndipo akanigeukia.

"Wewe," akasema. (Hata ukijana nimevuliwa.) "Jumamosi mimi nitaenda kanisani kwa miguu."

Kwa hiyo naomba asicheke mtu. Mwenye gari la kuniazima aniambie, hata kama ni bovu. Sharti langu ni moja: milango ya nyuma ifunguke kwa ndani.