Kijana Asiyekula Katika Tamthilia ya Saa Moja Jioni

Mtaa wa Goiabeiras, nyumba namba 48,
Muriaé, Minas Gerais.
Ijumaa, baada ya kuanika nguo.

Kwa Mtunzi wa tamthilia ya "Bahari Haina Mlango",
Kituo cha Televisheni, Rio de Janeiro.

Ndugu Mtunzi,

Naanza kwa kukuombea afya, maana nasikia nyinyi watunzi mnakunywa kahawa nyingi na hamlali, na mimi sitaki ufe kabla hujanijibu. Jina langu ni Zulmira, mjane, fundi cherehani mstaafu, mtazamaji wa tamthilia za saa moja jioni kwa miaka arobaini na moja. Sijawahi kulalamika. Mwanamke wako alipopoteza kumbukumbu mara tatu katika tamthilia moja, nilinyamaza. Pacha aliyezikwa aliporudi akiwa na masharubu, nilinyamaza, na hata niliwaambia majirani kwamba mambo hayo hutokea. Lakini safari hii maji yamenifika shingoni.

Hapa mtaani kila mtu anajua kwamba mnaandika huku tamthilia ikiendelea kuonyeshwa, na kwamba watazamaji wakinung'unika vya kutosha, aliyekuwa mwovu Jumatatu anaamka mwema Alhamisi. Ndiyo maana nakuandikia sasa, wakati nafasi ingalipo. Malalamiko yangu yanamhusu Fabrício, yule kijana wako wa miaka kumi na saba anayependa wavulana.

Usije ukanielewa vibaya. Fabrício nampenda. Tatizo ni kwamba ulitufundisha somo lake vizuri mno, tukalikariri, na mtihani ulipokuja nyumbani kwangu tukaanguka familia nzima.

Ilikuwa hivi. Miezi miwili iliyopita, Jumapili, tulikuwa mezani na kuku wa bamia na ugali. Mjukuu wangu Kauê, mwenye miaka kumi na sita, golikipa wa timu ya shule yake, aliweka uma chini akasema, "Nina kitu cha kuwaambia. Mimi napenda wavulana. Ndiyo hivyo, nimemaliza." Mama yake, binti yangu Rosângela, alimshika mkono. Lakini mwanangu Odair, ambaye hajakosa hata sehemu moja ya tamthilia yako ingawa hujifanya anasoma gazeti, akasema, "Wewe? Acha masihara, mjomba. Hiyo fulana umeivaa tangu Alhamisi."

Na mimi, Ndugu Mtunzi, nilicheka. Nilicheka mpaka nikapaliwa na bamia. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, wewe hata mapazia hujui kuchagua." Kauê aliinuka. Alichukua sahani yake akaenda kumalizia amesimama kwenye mlango wa jikoni, na tangu siku ile hapo ndipo mahali pake pa kula. Tamthilia ikianza huitazama kutoka hapo hapo, bega limeegemea mlango, kama mtu anayesubiri basi. Sofa yangu ni ya watu watatu. Nafasi ya katikati ilikuwa yake tangu ana miaka minne.

Kwa hiyo nimekaa na daftari, nikayapanga makosa yako kwa namba ili usije ukasema hukuelewa.

1. Mavazi. Fabrício hubadilisha shati mara nne katika sehemu moja, na mimi niliyeshona miaka yote hiyo sijawahi kumwona kifungo kimelegea. Kwa kuamini kwamba kosa ni la mjukuu wangu na si lako, nilimshonea Kauê shati la hariri la zambarau lenye kola ndefu, sawasawa na lile la Fabrício kwenye sherehe ya bwawani. Alishukuru, maana ana adabu. Siku ya pili nililikuta linafutiwa tope kwenye glovu zake za ukipa. Hariri, Ndugu Mtunzi. Ilitoka mjini Juiz de Fora.

2. Ushauri. Lorena, shujaa wako, akitoa chozi moja tu, Fabrício anatokea na kikombe cha chai, anamshauri dakika tatu nzima huku kinanda kikilia chini chini, kisha anatoka. Anakwenda wapi, hakuna ajuaye. Nadhani mnamkunja na kumweka stoo pamoja na viti vya bustani. Sasa Tainá, msichana wa jirani, aliposikia habari za Kauê alikuja mbio, akakaa, akamweleza mambo ya mchumba wake saa nzima na nusu. Kauê alikuwa anakula mkate wa jibini. Akamwambia, "Mwache." Tainá akangoja. Akauliza, "Ndiyo hivyo tu?" Kauê akasema, "Anakopi hesabu zako halafu mbele za watu hakusalimii. Mwache." Msichana alikuja kwangu analia, "Bibi Zulmira, huyu mbona hana maneno?" Nilimtuliza kwa kipande cha goiabada, ile jemu ngumu ya mapera, na jibini. Ni kweli Jumatano alimwacha yule mvulana na sasa anaimba akienda shule, lakini hilo silo ninalolalamikia.

3. Chakula. Katika sehemu mia moja na kumi na nne, Fabrício hajala. Ana baba anayepiga kelele, ila mama hana, kitanda hana, kazi ya shule hana, hata mafua hayajawahi kumpata. Graziela wako, aliyewasukuma waume wawili kwenye ngazi, anakula zabibu kila siku na hamu haijampungua. Kauê anakula sahani tatu na kukwangua sufuria. Odair aliliona hilo kuwa ushahidi. Alisema, "Mama, mtu anayekula maharage namna ile hawezi kuwa kama yule Fabrício." Ndiyo elimu uliyotupa.

4. Kamera. Lorena akimbusu mtu wake, kamera inatulia mpaka nakwenda kubandika maharage na kurudi, bado wapo. Graziela alipomnyonga wakili kwa kamba ya pazia, saa ambayo watoto wanafanya kazi za shule, kamera haikupepesa jicho. Lakini Fabrício akikaa kwenye benchi na Téo, yule muogeleaji, na Téo akinyoosha mkono, kamera inakumbuka ghafla kwamba kuna bahari, inakwenda kuitazama. Nimeshaitazama bahari hiyo mara kumi na moja. Mimi mtu wa milimani sina ugomvi na bahari. Ila mara ya mwisho nilimsikia Kauê kule mlangoni akisema polepole, "Haya, bahari tena," kisha akaenda kuosha sahani yake.

5. Hili la tano sina mzaha nalo. Kila Ijumaa nanunua kile kijarida kinachosimulia mapema mambo ya wiki inayokuja. Leo kimeandika hivi: "Alhamisi, Fabrício anaacha barua mezani, anachukua gari la baba yake na kushika barabara ya mlimani. Mvua inanyesha."

Ndugu Mtunzi, miaka arobaini na moja. Barua mezani naijua. Mvua ya barabara ya mlimani naijua. Nimekaa nikawakumbuka vijana wa namna hiyo mliowahi kutuletea: mmoja alianguka darajani, mmoja aliugua ugonjwa usio na jina, na mmoja mlimpeleka Lisbon na hakuleta hata kadi ya Krismasi, kwa hiyo naye namhesabu miongoni mwa marehemu. Niliacha kijarida mezani nikaenda kuanika nguo. Niliporudi Kauê alikuwa anakisoma. Hakuwa na huzuni, na hapo ndipo nilipoumia. Alisema kama mtu anayesoma ratiba ya mabasi, "Nilijua, Bibi. Huwa wanatuua."

Siku aliyotuambia mezani kwa maneno yaliyonyooka, nilitaka hariri na kinanda ndipo nimwamini. Lakini neno hili la kuuawa nililiamini papo hapo. Nimeona aibu, nakwambia wazi, na aibu ya uzeeni haina pa kuiweka. Nataka mtoto huyu azeeke. Nataka afike umri wangu, goti linamuuma, anaandika barua za kulalamikia televisheni.

Kwa hiyo nadai yafuatayo. Fabrício ale. Afeli hesabu, kwa mbali tu, asirudie darasa. Lorena atafute mshauri mwingine. Kamera ikae kwenye benchi. Na katika sehemu ya mwisho, pale unapowaozesha wote mpaka mtunza bustani na yule pacha wa masharubu, Fabrício naye awe mezani na Téo, mzima, amevaa fulana ya tangu Alhamisi, mdomo umejaa.

Usipofanya hivyo, wanawake ishirini na watatu wa chama chetu cha ushonaji wamekubali kugeuza televisheni zao ziangalie ukuta kila saa moja jioni. Isipotosha, nitapanda basi mpaka Rio na futi yangu ya kupimia, nisimame chini ya dirisha lako nikupime sanda. Na ujue kwamba sehemu ya mwisho tumeshaiandika sisi wenyewe. Ndani yake wewe ndiye unayechukua gari, na mvua tumeiweka kubwa.

Nisalimie mkeo kama unaye, wapiga kamera wote, hasa yule mpenda bahari, waliomshonea Fabrício mashati, maana kazi yao ni safi, na Graziela, ambaye pamoja na yote ngozi yake ni nzuri. Rosângela anakusalimu. Odair hakusalimu kwa kuwa yeye, kama anavyosema, hatazami tamthilia.

Wako ambaye subira yake inapungua,
Zulmira Fagundes, fundi cherehani.

Nyongeza, Jumapili asubuhi. Barua hii haijaondoka, na yametokea mambo ambayo haki inanilazimu niyaseme.

Jana Kauê aliniuliza kama anaweza kuleta mtu kula chakula cha jioni. Nikasema alete. Aliingia na kijana wa shule ya ng'ambo ya mto, jina lake Murilo. Murilo alikuwa amevaa shati la hariri. Lilipopata tone la mchuzi alifungua begi akatoa jingine. Aligusa mapazia yangu akasema, "Bibi Zulmira, usinichukie, lakini haya mapazia yanakionea hiki chumba," na ni kweli, miaka yote hii yanakionea. Alinieleza la kufanya na nywele zangu. Odair alipotaja kwa bahati mbaya kwamba mkewe hasemi naye, Murilo alimshauri dakika tatu kwa saa yangu, na Odair akaandika pembeni mwa gazeti. Wimbo wa mwanzo wa tamthilia yako ulipoanza, Murilo alikuwa ameshaanza kulia.

Yaani Fabrício yupo, Ndugu Mtunzi. Nilikula naye. Namba moja na namba mbili nazifuta na naomba radhi. Shati la zambarau nimelifua, linamkaa Murilo mabegani kana kwamba nilimpima yeye. Namba tatu sifuti, kwa kuwa alikula sahani tatu, na nimewaona na Kauê wakigombea kukwangua sufuria.

Namba nne inanitia haya. Kauê aliondoka kwenye mlango wa jikoni, akaja kukaa nafasi yake ya katikati. Murilo akakaa kulia kwake, mimi kushoto. Mwishoni mlituonyesha kidogo mambo ya wiki hii: kioo cha gari, vifuta maji vikienda na kurudi. Vijana wote wawili wakaacha kutafuna. Murilo akamshika Kauê mkono, hapo hapo sofani kwangu, na mimi, baada ya yote niliyokuandikia, nikajikuta natazama dirisha. Huku hakuna bahari. Nilitazama tangi la maji la jirani.

Kisha nikageuza shingo nikawatazama. Mwambie mpiga kamera nimemsamehe, na kwamba shingo inageuka, nimejaribu.

Murilo ataipiga picha barua hii na kuituma kwa simu, maana kwa posta ingekufikia umeshamzika Fabrício. Mengine yote fanya upendavyo. Mvalishe hariri, mpe kinanda, amshauri Lorena mpaka koo limkauke. Nimemwambia Murilo aje tena wiki hii, nitapika kuku wa bamia, tutakaa pale pale watatu. Nakuomba kitu kimoja tu. Alhamisi mvua isinyeshe.