Kochi Lililoondoka na Bi Time

Jumatatu, 16 Juni 1986

Alhamdulillahi, nyumba imepata polishi! Miaka yote ile ya dhiki sakafu yetu nyekundu ilikauka ikapauka, na makochi yakatulia. Sasa vitu vimerudi madukani. Mke wangu Asmaa kanunua kopo zima kwa mchuuzi wa Horohoro, kule mpakani, kasugua kwa kumbi la nazi tangu asubuhi. Ukiinama unajiona uso. Namshukuru Mungu kwa neema hii.

Ila alasiri kaja Bi Time kutoka Tongoni. Ni dada yake Mzee Shaib, na mwana wa Mzee Shaib, Haidar, ndiye anayemtaka binti yetu Khairat. Habari njema: wazee wanaleta posa Jumapili. Bi Time kaketi. Kochi likaondoka naye! Likavuka sebule, likagonga kabati la vyombo, buibui likamfunika uso. Nikamshukuru kwa kuja. Akasema itabidi amwonye kaka yake. Mzee ana nyonga mbovu, na akianguka kwetu ataona ni nuksi, posa itaishia hapo hapo.

Khairat kalia jikoni. Anampenda Haidar. Nikamwambia asijali, baba yupo. Kalia zaidi.

Jumanne, 17 Juni

Bahati nzuri niko likizo. Akili imepumzika, inafanya kazi. Nimekatakata kandambili zangu, nikaweka kipande cha mpira chini ya kila mguu wa kochi. Nikajitupa juu yake. Kochi likaenda, mipira ikabaki.

Nikashukuru kwamba nilikuwa peke yangu. Kugeuka, jirani yetu Eliudi yuko dirishani. Huyu ni fundi mwashi, Mshambaa wa Lushoto, mtu wa kanisani, mpole mpaka anaudhi. Akashauri tupunguze polishi. Tupunguze! Watu tumekaa miaka bila polishi, imekuja, halafu tuipunguze! Nikamshukuru kwa ushauri wake, nikafunga dirisha.

Chooni sasa naenda peku.

Alhamisi, 19 Juni

Ulimbo! Utotoni kule Mkwaja tulikuwa tukinasia ndege kwa ulimbo wa fenesi. Ndege hawezi kutoka, kochi litatokaje? Nimechemsha utomvu kwenye sufuria ya Asmaa, nikapaka miguu yote. Nikakaa. Halikusogea hata kidogo. Nikashukuru kwa sauti.

Mchana kuku wa Eliudi kaingia kudonoa makombo, akanasa. Kelele, manyoya kila mahali. Nikaenda kumnasua, nikanasa na mimi. Eliudi alitutoa wote wawili kwa mafuta ya taa, akaanza na kuku. Hayo mafuta yameyeyusha ulimbo wote, makochi yanateleza kuliko mwanzo. Eliudi hakucheka. Angecheka ningemsamehe.

Asmaa kaiona sufuria yake. Aliyoyasema siyaandiki. Namshukuru tu hakunitupia.

Ijumaa, 20 Juni

Asmaa na Khairat wamekwenda Pangani kumchukua shangazi, watarudi kesho. Nyumba yangu! Na msikitini, hata sijamaliza dua, jibu likanijia: saruji.

Saruji bado adimu, lakini Eliudi kanipa debe bila kuuliza. Alidhani ni ya karo la uani. Mungu amzidishie. Akaniazima na tindo. Nimetoboa sakafu chini ya kila mguu, nikasimamisha miguu ndani ya matundu, nikajaza, nikalainisha kwa kijiko. Makochi yote yanatazama mlangoni, ili wazee wakiingia waione heshima yao.

Jumamosi, 21 Juni

Imekauka! Nimeruka juu ya kochi kubwa mpaka kiuno kikauma. Halikutikisika hata kidogo! Nimesali rakaa za shukrani.

Adhuhuri Asmaa karudi na Khairat na shangazi. Na mikeka ya kuazima. Akaniambia nitoe makochi uani. Nikauliza ya nini. Akauliza tangu lini posa ikapokelewa kwenye makochi.

Ya Rabi! Posa, harusi, maulidi, msiba, kila siku vyombo hutolewa nje na watu wakakaa chini. Hata yeye nilimposa nikiwa nimekaa mkekani. Nimezaliwa pwani, nimekulia pwani, na wiki nzima sikukumbuka!

Asmaa akavuta kochi. Akavuta tena. Akainama kutazama miguu, kisha akakaa pale pale sakafuni. Khairat safari hii hakulia, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniuliza taratibu kama kweli nataka aolewe. Niliona haya mpaka nikakosa pa kutazama.

Eliudi kaja na nyundo. Kagonga kidogo, kasikiliza, kasema ikitoka saruji itatoka na sakafu, na hapo mzee wa nyonga atatumbukia kwenye mashimo. Kwa hiyo mikeka imetandikwa katikati ya makochi. Nimemshukuru Eliudi. Safari hii kwa dhati.

Jumapili, 22 Juni

Wamekuja. Bi Time akasukuma kochi kwa kidole, akanitazama, akapita ndani kwa wanawake. Wazee wakaketi mikekani, wamebanana baina ya miguu ya makochi. Mzee Shaib alishuka kwa taabu, mgongo akauegemeza kwenye kochi kubwa. Barua ikasomwa. Maneno mazuri, sikusikia hata moja. Nilikuwa nawaza atainukaje.

Ikafika saa ya kuinuka. Akashika mkono wa kochi, akajivuta kwa uzito wake wote, na ni mtu mnene. Kochi halikwenda popote! Akasimama wima. Akasema tangu aumie nyonga kila kiti anachokishika humkimbia, na hii ndiyo nyumba ya kwanza kumfikiria. Akauliza ni nani mwenye busara hii. Nyuma ya pazia Asmaa akakohoa. Nikasema ni mimi.

Harusi ni Ijumaa, tarehe nne Julai! Khairat kanibusu mkono, nikalia mbele ya wageni. Nashukuru kwa yote. Kwa polishi, kwa Asmaa, kwa Eliudi, hata kwa kuku wake.

Jumatano, 2 Julai

Mtu mzima harudishi wema kwa maneno matupu. Leo nimepanda baiskeli mpaka Tongoni na saruji iliyobaki kwenye ndoo, na tindo ya Eliudi. Asmaa aliuliza naenda wapi, nikasema kutoa shukrani.

Kwa Mzee Shaib hapakuwa na mtu, wote wamekwenda Mwera kualika ndugu. Jirani yao kanifungulia, kwani mimi si mgeni tena. Sakafu wameing'arisha kwa ajili ya harusi. Na sebuleni, karibu kabisa na mlango wa mbele, nikakiona kitanda cha maharusi: samadari mpya ya mvule! Nikakigusa kwa goti. Kikateleza. Wanangu wangeaibika usiku wa kwanza!

Nimefanya kazi safi, miguu yote minne. Kwa nini wamekiweka sebuleni sijui, labda ni kwa ajili ya rangi, maana chumba cha ndani kimepakwa na bado kinanuka. Lakini kila nyumba ina utaratibu wake, na mimi si mtu wa kuingilia mambo ya watu. Nashukuru nilimaliza kabla hawajarudi. Kufikia Ijumaa kitakuwa hakitoki hata kwa winchi.