Hina ya Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 1 Shaaban 1325

Fyo! Sauti hiyo tu. Bi Kazija aliushika mkono wangu, akausogeza dirishani, akafyonya. Mara moja. Tangu asubuhi nausikia mfyonyo ule kila nifumbapo macho. Kisha akauliza kama hii ni hina au nimemenya chungwa.

Wanawake wote wakacheka. Bahiya, binti ami yangu, akacheka mpaka akashika mbavu.

Habari yenyewe ni hii. Dada yangu Tamima anaolewa Ijumaa. Bi Kazija wa Ng'ambo amewapaka hina maarusi wa nyumba yetu tangu enzi za bibi yangu, lakini macho yake yamefifia, hawezi tena kuchora ua. Mama ameamua: kati yangu na Bahiya, yule ambaye hina yake itakuwa imekolea zaidi Jumatano ndiye atakayempaka Tamima. Na atakayempaka Tamima atarithi bakuli la Bi Kazija. Maarusi wote wa mjini watakuja kwake. Sijapata kutaka kitu kama ninavyolitaka bakuli lile.

Mkono wa Bahiya umewiva mpaka unakaribia weusi. Wangu umepauka. Umefubaa, umechujuka, umeparara. Maneno yote nimeyaandika hapa, na hata moja halikunifariji.

Kosa si langu. Jana niliufunga mkono vizuri, ila fikra ikanijia, nami nisipoandika fikra huumwa kichwa. Nikaufungua kidogo tu. Fikra yenyewe siikumbuki.

Jumanne, 2 Shaaban

Hina mpya! Nimetia ndimu, chai nzito, mafuta ya karafuu, ukwaju, na kahawa ambayo baba alikuwa bado anainywa. Mkono ukawaka moto. Nilivumilia mpaka nikahesabu mia mbili, nikakimbilia mtungini.

Rangi: mchuzi wa jana.

Bahiya alipita ametanguliza viganja vyake mbele kama anayesukuma mlango. Akaniambia nisihuzunike, atanipa mimi kazi ya kumpepea biarusi. Kumpepea!

Nimeitazama chupa ya wino ya baba. Nayo imenitazama.

Jumatano, 3 Shaaban

Ushindi! Nilipaka wino juu ya hina, taratibu, mara tatu. Bi Kazija akausogeza mkono wangu dirishani, akautazama, akaukaribisha puani, akautazama tena. Akasema umekolea. Mama akapiga kigelegele. Safari hii aliyepauka ni Bahiya, tena uso mzima.

Furaha yangu ilifika ukumbini tu. Hapo Bahiya alilamba kidole gumba, akakisugua kiganjani mwangu. Kikatoka cheusi. Akakiinua nikione. Kisha akasema mengi. Atanyamaza kwa sharti moja: tumpake Tamima nusu kwa nusu, na yeye achukue mkono wa kulia, ndio ambao biarusi atawapa wageni.

"Wa kushoto unakustahili wewe, mwana wa wino," akasema.

Nikakubali. Ningefanyaje? Lakini nimefikiri tangu Alasiri. Tamima ana udhaifu mmoja tu hapa duniani. Halua.

Alhamisi, 4 Shaaban

Tulimpaka asubuhi, tukamfunga viganja vyote viwili kwa vitambaa. Sharti: asivifungue mpaka adhana ya Adhuhuri. Akiona njaa, alishwe. Bahiya akakaa kumlinda kama askari wa forodhani.

Nikaja na sinia ya halua, ya moto bado, inameremeta kwa samli. Nikaitua karibu na goti la biarusi. Kisha nikamwambia Bahiya kwamba nadhani nimemwona panya chumbani kwake, juu ya nguo aliyoishonea harusi. Akaruka! Nami nikatoka nyuma yake. Sinia nikaisahau pale pale. Niliisahau kwa kukusudia.

Hakuna mwana wa Kiislamu aliyelelewa vyema atakayekula halua kwa mkono wa kushoto. Nilijua.

Adhuhuri tukafungua. Kushoto: umewiva, umekolea, unang'aa! Kulia: rangi ya ganda la kitunguu, na kipande cha lozi kimenata kidoleni. Tamima akaapa hajui lolote, huku anajilamba mdomo. Bahiya akalia. Mama akaamuru mkono wa kulia upakwe upya, tena na mimi. Mimi! Bi Kazija akakaa mlangoni mwenyewe mpaka Magharibi, na halua ikafungiwa kabatini.

Ijumaa, 5 Shaaban

Mikono miwili, rangi moja! Bi Wanu wa Kikwajuni aliushika mkono wa Tamima, akauliza nani kampaka. Nikamtajia jina langu mara tatu. Anataka nimpake binti yake Alhamisi ijayo. Nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Bahiya alikuwa anapepea.

Jumapili, 7 Shaaban

Asubuhi mapema nimekwenda Ng'ambo kuchukua bakuli. Shikamoo, Bi Kazija. Marahaba, mwanangu, kaa. Nikakaa. Akaniambia kwamba wino aliunusa tangu Jumatano. Macho yake yamefifia, akasema, lakini pua imekolea. Na halua vilevile: mjinga gani asahau sinia ya halua?

Nikatamani sakafu inimeze. Nikauliza, basi kwa nini alinichagua. Akasema Bahiya anajua kupaka na anajua kwamba anajua, huyo hafundishiki. Mimi niliuonea haya mkono wangu mpaka nikaiba wino. Mwenye haya hufundishika.

Alinichagua mimi! Huku akijua yote! Nililia, na sioni aibu kuandika hivyo.

Kisha akanipaka hina mikono yote miwili, akaifunga kwa vitambaa, akanipa bakuli nilikumbatie kwa viwiko. Akasema hina haitaki ndimu wala ukwaju, hina yataka subira. Nikae nayo mpaka Adhuhuri, nisiguse kitu. Nikaapa kwa moyo safi.

Ndiyo kwanza jua limefika kwenye ngazi. Adhuhuri bado mbali sana. Na fundisho kubwa namna hii, lisipoandikwa lingali la moto, litafifia. Hina ikififia, wino upo. Basi nimeamua kuufungua mkono wa kulia, kidogo tu.

Nimeshaufungua.