Sentensi za Madamu Theopista Zimesimamisha Duara Letu

Duara la Mzee Donatus,
Machimboni, upande wa Mwakitolyo.

Ndugu Afisa Elimu wa Kata,

Shikamoo. Ikiwa umri wako ni mdogo kuliko wangu, itunze tu hapo ofisini, atakayekurithi kiti ataitikia.

YAH: KUPUNGUZWA KWA AINA ZA SENTENSI KATIKA DARASA LA JIONI

Mimi ni Ansgar, msimamizi wa duara, yaani shimo la dhahabu, la Mzee Donatus. Mzee anaishi mjini na hutuongoza kwa simu. Naandika kwa heshima zote kumlalamikia Mwalimu Theopista, aliyeletwa kuwafundisha wachimbaji wangu Kiingereza. Mwanzoni nililiunga mkono darasa hilo, maana maboksi ya baruti yameandikwa Kiingereza, na ni vizuri mtu akijua anachokipasua kabla hakijampasua yeye. Nilidhani watafundishwa majina ya vitu. Kumbe wanafundishwa aina za sentensi.

Kwa walivyonieleza, ziko nne. Ya kwanza ni sahili: ina jambo moja, imelisema, imenyamaza. Ya pili ni ambatano: mambo mawili yenye nguvu sawa yamefungwa pamoja kwa "na", "lakini" au "ama". Ya tatu ni changamano: jambo moja limesimama, jingine limeliegemea kwa "kwa sababu", "ingawa" au "mpaka", na ukiliondoa lile lililosimama, la kuegemea linabaki linaning'inia. Ya nne imezichanganya hizo mbili za mwisho, na mtu akiianza unaweza kwenda kunywa chai ukarudi.

Kiingereza chao bado ni kibovu, hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba maumbo hayo wameyahamishia kwenye Kiswahili, na wengine mpaka kwenye Kisukuma. Madhara yake ni haya:

1. Mama Blessing, anayetupikia, naye anahudhuria darasa. Zamani alikuwa akisema "Sahani," unatoa sahani, mambo yamekwisha. Juzi niligusia tu kwamba ugali haujaiva. Akanijibu: "Nitakupakulia, ng'wanawane, mwanangu, lakini ukilirudia neno hilo utakula kwa mama yako Ushirombo, ingawa nasikia naye alichoka kukupikia." Foleni nzima ilimpigia makofi. Mchimbaji mmoja, Mayala, akatangaza kwamba hiyo ni ya aina ya nne. Nilikula nimesimama.

2. Ugonjwa huu unapita hata kwenye simu. Nilimpigia mke wangu, Mariana, nikamuuliza kama ananipenda. Akasema ananipenda ninapokuwa nimerudi. Ndugu Afisa, mimi nimeoa kwa sentensi sahili.

3. Hili ndilo zito. Duara letu ni refu, sauti ya juu haifiki chini. Kwa hiyo tumeweka watu njiani, kila mmoja hupokea neno kwa aliye juu yake na kumpa aliye chini yake, na jibu hupanda hivyohivyo. Kazi ya mtu wa njiani ni kupitisha neno, si kulilea. Jumatatu niliteremsha neno moja: "Chimbeni." Mayala, aliye chini kabisa, alijibu vizuri: "Tutachimba." Wa katikati akaongeza, "lakini matimba yameoza." Matimba ni yale magogo yanayozuia kuta zisitufunike. Wa juu yake akaongeza, "kwa sababu yamekaa humu tangu mvua za mwaka juzi." Mtu wa winchi, ambaye hata hakuulizwa, akamalizia, "na kesho hatushuki mpaka yabadilishwe, hata Ansgar akinuna." Nilituma neno moja, nikarudishiwa mkutano.

4. Kesho yake kweli hawakushuka. Mpaka leo wamekaa juu ya viroba vitupu, wananifanyia mazoezi. Nikisema "Shukeni," wananiuliza hiyo ni ya aina gani. Nimemweleza Mzee Donatus habari ya magogo, naye akajibu kwa sentensi ya aina ya kwanza: "Washushe." Mzee hajasoma, ila sentensi yake imenyooka, ndiyo maana ana duara.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Wachimbaji wafundishwe aina ya kwanza peke yake. Aina ya pili waruhusiwe siku za sikukuu. Ya tatu na ya nne zihifadhiwe kama baruti, zitolewe kwa kibali, kwa wenye leseni tu. Maneno "kwa sababu" na "mpaka" yasiingizwe machimboni kabisa. Na Mwalimu Theopista ahamishiwe Chato akawafundishe wavuvi. Kule ziwani hakuna ukuta wa kumwangukia mtu, wanaweza kuongea wanavyotaka.

Nisalimie watu wa nyumbani kwako, walimu wote wa Hesabu, na yule mlinzi wa ofisi yako ambaye huniitikia kwa kichwa.

Wako mtiifu, katika jambo moja moja,
Ansgar
Msimamizi wa Duara

Baada ya kusaini: Barua hii nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Mchana huu matimba yameachia na duara limejaa kifusi kuanzia katikati hadi chini. Wakati huo wote walikuwa juu, Mayala amesimama mbele yangu akiwa katikati ya aina ya nne, nami namwambia afupishe. Vumbi lilipotulia nimewahesabu, nikawahesabu tena, wote wapo. Kisha Mzee Donatus akapiga simu: "Washushe wakafukue." Nimemjibu kwamba hawashuki mpaka magogo mapya yafike, na mimi mwenyewe sitawaamuru, kwa sababu wana wake na watoto, ingawa duara ni lake. Amekata simu. Sijui kama kesho nitakuwa msimamizi. Naomba Madamu asihamishwe.