Dua ya Kuzidi Uzito

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Ilianza vizuri, ndiyo maana sikuishtukia.

Mama Yadi alituita wote nje. Yeye ndiye mwenye yadi hii ya magari yaliyotumika, na mimi ni karani wake, bado kwa majaribio. Tulimkuta kando ya lori dogo la buluu, lina kitanda kirefu cha chuma nyuma na reli mbili za kupandishia gari. Linabeba gari moja tu, mgongoni. Akalipa jina papo hapo: Mbeleko. Watu wakapiga makofi. Nikapiga na mimi, mjinga mimi.

Kisha akauliza nani ana leseni ya udereva iliyo hai. Fundi hana. Tai (muuzaji wetu, huvaa tai hata akiwa uvunguni mwa gari) ya kwake imekwisha muda. Ninayo mimi tu, na wote wanajua, kwa sababu mwezi uliopita niliizungusha ofisini waone picha. Nilikuwa nimetoka vizuri. Uzuri unaponza!

Basi. Jumamosi natakiwa kumpelekea mkunga mmoja gari alilonunua kwetu, mji wa pili, ng'ambo ya mlima. Likifika salama, nathibitishwa kazini. Lisipofika, kiti changu anapewa shemeji yake Tai, ambaye hana kazi na hana haya. Tai alinipiga bega na kusema pole sana, msomi. Alisema kwa furaha.

Sijagusa usukani tangu siku ya mtihani. Siku ile mtahini alishuka garini akitabasamu kama mtu aliyenusurika ajali.

Jumanne, 4 Machi

Nuru! Nimesoma kanuni za leseni mpaka macho yakawasha. Leseni yangu ni ya magari madogo: uzito wa jumla usizidi kilo 3,500. Zaidi ya hapo ni leseni ya lori, yenye mafunzo yake na vipimo vya afya. Mbeleko na lichuma lile lote haiwezi kuwa gari dogo. Haiwezekani!

Uzuri wa jambo hili ni kwamba mimi sikatai kazi. Mimi niko tayari. Ila sheria ikikataa, si mimi niliyekataa.

Nilimwendea Mama Yadi na uso wa msiba. Nikamweleza. Akaniitikia vizuri, akasema nimefanya jambo la maana, na kwa kuwa yeye hapendi mashaka, twende tukaulize sasa hivi.

Ofisa wa leseni alitoka nje na kalamu sikioni. Hakuutazama hata mgongo wa Mbeleko. Alifungua mlango wa dereva, akainama, akasoma kibati kilichogongomelewa pale na kiwanda. Akasema kibati ndicho kinachoamua leseni, na kibati kinasema 3,500. Kamili. Hapungui mtu, hazidi mtu. Leseni yangu inatosha kama kiatu cha kupimiwa.

Akaiomba aione. Akaigeuza huku na huku, akamwita mwenzake aje ashuhudie: hajaona leseni safi namna hii, haina kosa hata moja! Mama Yadi akavimba kichwa kama amenizaa yeye. Nikashukuru. Ningesemaje? Kwamba mtumbwi usioingia majini hauwezi kuzama?

Ila wakati tunaondoka ofisa akaongeza neno. Leseni ni jambo moja, mzigo ni jambo lingine. Lori, gari lililopanda juu, mafuta, mikanda, dereva na abiria wake, vyote kwa pamoja visivuke zile 3,500. Ukivuka hata kwa kilo moja, safari hakuna.

Nilirudi ofisini nikipiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi

Nimepiga hesabu. Mbeleko tupu, gari la mkunga, mafuta, mikanda na mimi mwenyewe (kilo 58 baada ya chakula). Nafasi inayobaki ni kilo 112. Nikizijaza hizo na kidogo juu yake, nimesalimika. Kisha nitapita mizani ya serikali, njia ya kutokea mjini, na wao ndio watakaonirudisha.

Kitu gani kina kilo 112 na kinakaa kwenye kiti cha abiria?

Naishi kwa Shangazi. Shangazi ana mwili, ashukuriwe aliyempa. Jioni wakati anakunja nguo nilimkaribisha safari ya Jumamosi, apunge upepo. Akafurahi, akaniombea dua ndefu. Hapo ningenyamaza. Lakini mimi ni mtu wa uhakika. Nikamuuliza, kwa adabu zote, ana kilo ngapi.

Akaacha kukunja. Akauliza kama amekuwa gunia. Nikasema hapana Shangazi, ni mambo ya kiofisi tu. Akasema ofisi gani hiyo inayopima shangazi za watu, ama nimeshamtafutia mnunuzi? Nikajikanyaga zaidi: nikasema akiwa chini ya mia na kumi na mbili naweza kumwongezea mzigo mapajani.

Safari haji. Amempigia mama yangu simu, na mama yangu amempigia kila mtu. Baba zangu wadogo wawili nisiowasikia tangu Idi ya—tangu zamani wameniuliza kisa cha kumpima dada yao.

Jumla ya uzito nilioupata leo: sifuri. Nimelala na chai kavu.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Yadi ameamuru nifanye mazoezi uwanjani. Gari la mkunga likapandishwa mgongoni, Fundi akalifunga mikanda minne, na Tai akapewa kazi ya kuniongoza nikirudi nyuma.

Niliwasha. Mbeleko ikakohoa, nami nikakohoa. Tai akasimama nyuma akipunga mikono na kuita njoo, njoo, njoo baba, njoo tu! Nikaja. Nikaja mpaka nikakumbatia pipa la maji. Kumbe Tai alikuwa ameshageuka zamani, anamwita muuza karanga aliyekuwa getini.

Pipa limelala. Ua wote umekuwa ziwa. Mbeleko haina hata mkwaruzo, chuma kile! Nikamwambia Mama Yadi kwa sauti ya unyonge kwamba labda mimi si dereva. Akacheka mpaka akajifuta macho. Akasema yeye siku yake ya kwanza aliingia na gari sebuleni kwa mtu, wakamkaribisha chai. Kisha akanipa moyo mbele ya watu. Nina mkono mwepesi, anasema.

Sijawahi kuona bosi mgumu kukatishwa tamaa kama huyu.

Tai, mikono mfukoni, akauliza kama shemeji yake aje Jumamosi ama Jumatatu. Nikamwambia aje na mto, maana atasubiri sana. Jibu zuri. Lilinijia baada ya nusu saa, ikabidi nimfuate chooni kulisema.

Ijumaa, 7 Machi

Imefanyika!

Nyuma ya karakana kuna rundo la ngoma za breki za malori, chakavu, nzito kama dhambi. Moja ni kilo arobaini. Nne zinanitosha. Watu walipokwenda kula, mimi nilibaki, nikisema nafunga. Nilizivingirisha moja moja hadi kwenye gari la mkunga, nikazipandisha kwa ubao, nikazilaza ndani ya buti na kuzifunika turubai. Ya tatu ilinipanda kidole. Sikupiga kelele. Nilipiga kelele moyoni.

Mgongo umekatika. Natembea nimeinama mbele kama natafuta sindano. Shangazi ameniona, akasema mwenye kupima wenzake naye hupimwa. Lakini amenikanda na mafuta ya moto. Amenikanda kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kesho mizani itakataa, nitarudi yadi nikiwa na huzuni kubwa, na hakuna atakayenilaumu. Nimefanya mazoezi ya huzuni kwenye kioo. Inanipendeza.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike taratibu.

Asubuhi naingia ndani ya Mbeleko, namkuta Mama Yadi amekaa kiti cha abiria, kajifunga mtandio, kashika chupa ya chai. Anasema hawezi kukosa safari ya kwanza ya mtoto wake. Sikujua anamaanisha mimi au lori.

Nikaendesha mpaka mizani kwa mwendo wa harusi. Wapita njia wengine walitupita kwa miguu, na mmoja alisalimia, tukasalimiana vizuri, akaulizia hali za nyumbani. Nilipokata kona kuingia mizani Mama Yadi alishangaa. Magari kama yetu hayalazimiki kupima. Nikasema nataka tupime kwa hiari. Mpimaji naye akatoka kibandani. Akasema tangu aanze kazi hajaona mtu anakuja mwenyewe. Akatuzunguka mara mbili akitafuta tulichoiba.

Tukapanda. Namba zikacheza, zikatulia. Tumezidi kilo 123!

Nikashika kichwa. Nikasema ole wetu. Nikawa nimeshaanza kugeuza lori kurudi nyumbani, lakini mpimaji akasema la, teremsheni kilichozidi, mwende zenu. Mama Yadi akasema kizidi nini na tumebeba gari tupu? Akapanda juu mwenyewe, na mtandio wake, akafungua buti. Akafunua turubai.

Ngoma nne zikamtazama.

Kisha akasema taratibu: kumbe naibiwa. Vyuma vyangu vinatolewa yadi ndani ya magari ya wateja! Akauliza jana nani alikuwa na funguo za gari hili, akajijibu mwenyewe: Tai, aliliosha jioni. Akatoa simu. Akasema leo leo, arudishe sare, asimkute pale.

Hapa naandika ukweli kwa kuwa hapa hasomi mtu. Kwa muda mfupi niliona mambo yamekaa vizuri sana. Tai nje, shemeji nje. Mimi shujaa wa mizani! Simu ikawa inaita. Nikamwona Tai na tai yake, anapokea kwa ile sauti yake ya kuuzia magari, hajui linalomjia.

Nikasema ni mimi.

Akakata simu. Akauliza ni wewe nini. Nikasema ngoma ni mimi niliyeziweka. Akauliza za kazi gani. Hapo akili ilihama kabisa, ukabaki mdomo peke yake. Mdomo ukasema: nilitaka kuhakikisha kama mizani inasema kweli.

Lori moja likapita barabarani, likapotea.

Mama Yadi akaanza kucheka kwanza tumboni, kisha mabegani, kisha ikabidi ashikilie mlango. Akamwambia mpimaji amsikie huyu kijana: wengine wanaogopa mizani, huyu anaikagua! Mpimaji alichukia. Akasema mizani yake ni ya serikali, haijaribiwi na vyuma chakavu vya mtu. Lakini alinisaidia kuziteremsha, na akaomba aachiwe mbili za kukalia.

Tukapima tena. Tuko chini ya kiwango. Hakuna sheria iliyobaki duniani ya kunizuia. Mlima ukawa mbele yangu.

Nikaupanda! Gia ya kwanza, gia ya pili, nyuma yangu foleni ndefu inapiga honi kama sherehe. Mama Yadi anaimba, ananimiminia chai, ananiambia twende mwanangu, twende. Kufika kileleni nikagundua na mimi naimba. Kuteremka sikumbuki vizuri, nilifumba jicho moja.

Mkunga alikuwa getini na majirani. Gari lilipoteremka kwenye reli alipiga vigelegele, akalipapasa boneti, akasema amepokea watoto wengi mikononi mwake lakini huyu ndiye wa kwanza kuja na magurudumu. Akaniuliza kama uchungu ulikuwa mkali. Nikasema sana, hasa mgongoni.

Nimethibitishwa kazini. Nimeapa: njama basi. Woga basi. Ningemwambia tu Mama Yadi kwamba naogopa, angenifundisha kwa siku mbili. Somo limeingia.

Jumatatu, 10 Machi

Tai amesikia habari za simu iliyokatwa. Amenishika mkono bila utani, jambo ambalo si kawaida yake. Ameniletea soda. Nusu.

Mama Yadi amefurahi mno na safari yetu hivi kwamba ameagiza Mbeleko ya pili. Hii inabeba magari mawili, moja juu ya jingine. Kibati chake: kilo 7,500. Ni leseni ya lori, hakuna ubishi. Nikampongeza, nikauliza dereva atamtoa wapi.

Akanitazama kwa upendo.

Mafunzo yanaanza wiki ijayo. Ila kwanza vipimo vya afya. Usiniambie! Vipimo vya afya!

Alhamisi, 13 Machi

Leo macho. Mpango ulikuwa rahisi: nisione.

Daktari alinikalisha mbele ya ubao wa herufi. Lakini kukosea ovyo ovyo si malezi yangu. Nikajiwekea utaratibu: kila herufi naitaja ile inayoifuata katika alfabeti. Akionyesha E, nasema F. Akionyesha M, nasema N. Mstari wa kwanza wote nimekosea, bila kusita. Wa pili vivyo hivyo. Nilimwona daktari anakunja uso, nikajua mambo yameiva.

Akashuka mpaka mstari wa mwisho, ule wenye herufi kama nyayo za sisimizi. Nao nikaukosea wote, barabara, kwa mpangilio.

Akavua miwani yake. Akasema mtu mwenye macho mabovu hukosea shaghalabaghala. Kukosea kwa ufundi hivi kunahitaji kwanza uione kila herufi. Akaandika: macho bora kabisa. Akauliza kama nilisomea hesabu.

Kesho wanapima viungo. Nimesoma masharti yote, na kifungu cha miguu kina matumaini makubwa. Nitaingia nikichechemea. Nimejaribu yote miwili hapa chumbani, kutoka kitandani hadi dirishani, na wa kushoto unanikaa vizuri zaidi.

Wa kushoto. Naandika kabisa, nisije nikabadilisha njiani.