Mlango wa Kushoto wa Bibi Thirlby

Jolyon Pask alisikia baani, kati ya bia ya pili na ya tatu, kwamba Bibi Thirlby anaishi peke yake kwenye lile jumba la kilimani, na vyombo vyake vya fedha vimekaa tu mezani. Mate yakamjaa. Kesho yake akaazima koti la sufi, akawa mtaalamu wa majumba ya kale.

"Enzi za akina Joji!" alitamka akiingia. Wafalme wanne wa Uingereza mfululizo, jina moja; ukoo ule ulikosa ubunifu tu. "Ona ulinganifu, mama! Dirisha huku, dirisha kule. Dohani huku, dohani kule."

"Na ndoo huku, ndoo kule," alisema Bibi Thirlby, akiruka mojawapo. Paa lilivuja bila upendeleo.

Katika chumba cha kulia chakula, Pask akaikodolea dari ya maua ya plasta, akashika kifua. "Balaa! Hii inashuka wakati wowote. Vyombo vyote vitakuwa chapati. Nikuhifadhie mpaka fundi aje?"

"Ungenifanyia hivyo, mwanangu?"

"Bure kabisa."

Birika, vinara na vijiko vikaingia begini. Mara kokoto za nje zikalia chini ya magurudumu.

"Mchungaji huyo, anakuja kunywa chai," alisema bibi. "Anawajua wataalamu wote wa huku."

Pask akakumbuka ghafla ana miadi. Chumba kilikuwa na milango miwili, pacha kabisa. Akavuta wa kushoto, akajitupa mzimamzima, akakumbatiana na ukuta wa matofali.

Bibi alicheka mpaka akakaa. "Huo wa pambo, wewe! Mjenzi aliuweka ufanane na wa kulia. Mtaalamu gani hajui hilo?"

Pask akapiga magoti, pua inachuruzika damu. "Nisamehe, mama. Vitu vyako hivi hapa. Usiniitie polisi."

"Nivifanyie nini? Bati hilo, limepakwa rangi. Fedha yenyewe niliiuza zamani, pesa zikaliwa na paa. Ila watu wa bima hawajui, na hawalipi bila mwizi. Nimekungoja sana."

Pask akaliweka begi chini taratibu. "Basi mimi niende zangu."

"Mikono mitupu? Una wazimu?" Bibi akamtundika begi shingoni, akafungua mlango wa kulia, akamsukuma nje. Kisha akazivuruga nywele zake mwenyewe, akavuta pumzi.

"Mwiziii! Mchungaji, usimfukuze, ana kisu!"

Pask, ambaye hakuwa na hata wembe, akatimua mbio bustanini, bati likimlia shingoni kama kengele ya ng'ombe.